Dume la Daktari

Ukifika Lodwar ukauliza Daktari anakaa wapi, utaulizwa kwanza una mgonjwa gani. Ukisema mtoto, utaelekezwa hospitali. Ukisema mbuzi au ngamia, utaelekezwa ofisi ya mifugo, na huko utaambiwa mkubwa ametoka kidogo. Ukisema sungura, mtu atacheka, halafu atakuonyesha nyumba yenye geti la kijani na vizimba vya waya ukutani. Huyo wa mwisho ndiye Daktari wangu. Cheti cha udaktari hakuwa nacho. Alisomea afya ya mifugo miaka miwili, akaajiriwa, akastaafu kwa cheo kilekile alichoanza nacho. Jina la Daktari alipewa na watu, naye hakuona sababu ya kuwavunja moyo.

Nilikuwa karani wake miaka kumi na moja kabla hajastaafu, na hata alipostaafu aliendelea kuniita Karani, kana kwamba mamangu hakunipa jina. Nilipiga chapa ripoti zake zote, na kusema kweli ripoti zake zote zilikuwa moja. Alikuwa akinipa ya mwezi uliopita, mwezi umekatwa kwa kalamu nyekundu na mwingine umeandikwa juu yake. Siku moja nilijikuta napiga chapa kwamba mvua imenyesha vizuri Loima, na wakati huohuo babangu kule Namoruputh, hukohuko Loima, alikuwa anahamisha mbuzi kwa ajili ya ukame. Nilimwambia. Akasema mvua itanyesha tu, ripoti imetangulia.

Cha ajabu ni kwamba sijaona mtu aliyependa kuzungumzia mabadiliko kama yeye. Mageuko ya viumbe ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yake ya asubuhi, ya mchana na ya matangani. Wageni waliopita Lodwar wakienda Nariokotome kuona mahali palipofukuliwa mifupa ya binadamu wa kale, aliwavizia hotelini wakinywa chai. Aliwaambia wanakwenda mbali kuangalia mageuko yaliyolala, ilhali nyuma ya nyumba yake kuna yanayotembea. Kirusi cha sungura, alisema, kinaweza kujigeuza kati ya masika moja na nyingine. Wengi waliaga haraka. Wachache walikubali kuonyeshwa vizimba, wakarudi na kinyesi cha sungura kwenye viatu vyao vya safari.

Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, na mchungaji wetu alikuwa na wasiwasi naye. Jumapili moja, mbele ya watu, alimwuliza waziwazi kama anaamini binadamu amegeuka kutoka kiumbe kingine. Daktari alisimama, akavua kofia. Alisema virusi ameviona vikigeuka, lakini binadamu bado, na kwamba amekaa na mchungaji kwenye kamati ya ujenzi miaka saba akingoja. Watu walicheka mpaka sadaka ikachelewa.

Sasa mtazame mwenyewe. Kofia ilikuwa ileile ya kitambaa cha khaki niliyomkuta nayo siku ya kwanza ya kazi. Pikipiki ileile. Kinyozi yuleyule, ingawa kinyozi mwenyewe alikuwa haoni vizuri tena na Daktari alitoka pale kila mara na upande mmoja mrefu. Zaidi ya yote kulikuwa na daftari lake la chuo, lisilo na jalada, lililofungwa kwa mpira wa tairi. Lolote lililokuwa ndani ya daftari lilikuwa kweli, na lolote lililotokea duniani baadaye lilikuwa uvumi. Vijana waliotoka vyuoni walipojaribu kumwambia kuna jambo jipya limegunduliwa, alifungua daftari, akatafuta polepole kwa kidole, halafu akasema halimo.

Lakini alijua kufundisha, hilo simnyimi. Siku moja aliwaeleza wanachama wa kikundi cha wafugaji wa sungura cha Kakuma jinsi virusi viwili vinavyozaa cha tatu, na mimi niliyesoma baiolojia mpaka kidato cha nne nilielewa siku hiyo. Aliwaambia wafikirie mwanakwaya anayenakili wimbo kutoka kitabuni. Mezani kuna vitabu viwili vimefunguliwa, na upepo wa Turkana mnaujua. Ananakili ubeti wa kwanza, upepo unafunua kurasa, naye bila kutazama anaendelea kunakili kutoka kitabu cha pili. Wimbo unaanza huu na kuisha ule. Nyingi za namna hiyo haziimbiki, alisema, zinatupwa. Mmoja ukiimbika, Jumapili ijayo kanisa zima litauimba. Kirusi nacho hujinakili hivyohivyo ndani ya sungura, na viwili vikikutana katika mwili mmoja, kinachotoka huenda kikawa na matumbo ya kimoja na koti la kingine. Chanjo hutambua koti tu. Kirusi kikija na koti ambalo chanjo haijawahi kuliona, kinapita mlangoni na kukaribishwa kiti.

Mama mmoja Msomali aliuliza kama hicho cha tatu ni halali kwa wazazi wake. Daktari alisema swali zuri, atalitafuta daftarini.

Wazo la kuleta sungura Turkana halikuwa lake, ila alilipokea kama mwanawe. Shirika moja lilikuja na vizimba na picha za sungura wanono, likakaa miaka miwili, likaondoka na picha zaidi. Daktari alibaki na sungura. Aliwapeleka wanne hadi kwa babangu Namoruputh, na mimi nilikuwepo. Babangu alimshika mmoja, akamgeuza, akauliza anakamuliwa wapi. Hakamuliwi. Akauliza kama anaweza kutembea malishoni. Hawezi, analetewa majani kizimbani, na maji pia, na kivuli. Babangu akamrudishia Daktari sungura wake.

"Basi hapa anayefugwa ni wewe," alisema.

Hata hivyo aliwapokea, maana mtu hakatai mnyama aliyeletwa nyumbani kwake. Na kesho yake akafanya kile ambacho Mturkana yeyote mwenye akili hufanya na mifugo. Alibakisha mmoja, wawili akampelekea rafiki yake ng'ambo ya mlima, mmoja akampa shemeji. Kwetu wanyama wako hawakai kwako wote. Ugonjwa ukiingia bomani, au wezi, wako wengine kwa rafiki, na rafiki naye ana wake kwako.

Daktari alipoona hivyo alifurahi hadi machozi. Alirudi Lodwar akaniamuru nipige chapa waraka, na kwa mara ya kwanza haukuwa wa mwezi uliopita. Ulisema kila mfugaji wa sungura awe na rafiki wa sungura, na kila rafiki awe wa mji mwingine. Akaongeza la kwake. Kama mbuzi wetu wanavyokatwa masikio kwa alama ya mwenyewe, kila sungura jike aliyepandwa na dume la Daktari alikatwa kijipengo katika sikio la kulia. Alikikata mwenyewe kwa mkasi mdogo, kwa mkono mwepesi. Aliringia vipengo vile kuliko wengine wanavyoringia watoto wao.

Hapo ndipo linapoingia dume. Lilikuwa la kijivu, zito, limeletwa kutoka Kitale, lina shingo kama mkuu wa wilaya wa zamani. Daktari alilibeba nyuma ya pikipiki katika kikapu kikubwa kilichofunikwa gunia lililoloweshwa, na juu yake mwavuli. Yeye mwenyewe aliungua jua. Mwanzo wa juma walikuwa Kalokol, kwa wake wa wavuvi wa ziwani, kule Ferguson's Gulf. Katikati ya juma walipumzika Lodwar na kupokea wageni. Ijumaa walikuwa Kakuma. Mkimbizi wa Kakuma haruhusiwi kutoka kambini bila kibali, na kibali hukipati kwa kupiga chafya. Mama Nyadeng, mfugaji wa kutoka Sudan Kusini ambaye nitamweleza sasa hivi, alilitazama dume likiteremshwa siku moja akasema, "Hii sungura iko na makaratasi kushinda mimi."

Mama Nyadeng aliuza nyama ya sungura ya kukaanga sokoni, na wenye hoteli za Kakuma walimjua. Alikuwa mwimbaji wa kanisa, mrefu kama mlango, asiye na maneno mengi. Sungura wake walikaa kwenye kibanda cha kikundi pamoja na wa wanachama wengine, Waturkana wa pale Kakuma na wakimbizi wa kila kabila. Kibanda kilikuwa na vitu viwili vinavyotafutwa kuliko dhahabu kule, kivuli na bomba la maji. Ukiwa mwanachama una vyote viwili. Ukifukuzwa, utafuga sungura wako juani, yaani utawafuga siku moja.

Katika kikundi chote, Daktari alimheshimu yeye peke yake. Aliwahi kuendesha pikipiki saa nzima na nyingine, mchana wa jua kali, kwa sababu jike mmoja wa Mama Nyadeng alikuwa hali chakula. Alifika, akakaa chini, akamlisha yule jike majani moja moja mpaka alasiri. Hakuna aliyemwita na hakudai asante. Nalisema hili ili usije ukadhani nampaka matope tu.

Mwaka juzi sungura walianza kufa Kakuma. Jioni wako sawa, asubuhi wamelala ubavu na damu puani. Ugonjwa wenyewe Daktari aliujua, ulikuwa daftarini, na sungura wengi walikuwa wamechanjwa dhidi yake. Kwa Mama Nyadeng ulianza na watoto wa sungura, wa wiki tatu, wa wiki nne, kizimba kizima. Alimpigia simu. Daktari akafika, akafungua daftari, akatia kidole: sungura wa chini ya miezi miwili hawafi kwa ugonjwa huu. Kwa hiyo si ugonjwa huu. Mama Nyadeng akauliza ni nini basi.

Daktari akasema ni baridi. Baridi, Kakuma, ambako ukiacha yai juani huhitaji jiko.

Mama Nyadeng alimwinulia mmoja aliyekufa. "Daktari, mimi naona watoto nakufa na damu. Baridi naleta damu?"

Alimshauri awagawe waliobaki kwa marafiki, kila mmoja kizimba chake, kama waraka ulivyosema. Akawagawa. Katika wiki tatu marafiki wote walikuwa wanazika sungura, wa Kakuma, wa Lodwar, hadi kwa shemeji ya babangu. Waliochanjwa walikufa pamoja na wasiochanjwa.

Watu wanaofiwa na mifugo hutafuta mtu. Kikundi kilikumbuka kwamba Mama Nyadeng alikuwa amepokea sungura mmoja kutoka kwa dada yake aliyefika kambini juzijuzi. Wakasema ndiye huyo, ugonjwa umevuka naye mpaka. Mwenyekiti, mfugaji wa Kiturkana ambaye kwa kawaida ni mpole, aliniambia kwa simu kwamba hawana ubaya na mama, lakini ni yeye alianza, na watoto wa sungura wake walikufa wa kwanza, na alipeleka ugonjwa kwa kila nyumba kwa mikono yake. Walimpa mpaka mwisho wa mwezi, kikao kikae, aondoe vizimba vyake. Sokoni wateja walianza kumpita. Kanisani benchi lake lilianza kuwa na nafasi.

Daktari ndiye aliyepeleka Nairobi vipande vya ini vya sungura waliokufa Kakuma, Lodwar na Kalokol, na hapo pia nampa haki yake. Alivifungasha ndani ya barafu, vikasafiri kwenye lori la samaki la Kalokol, na lori lile halikunuka zaidi kuliko lilivyozoea. Majibu yalikuja ofisini, kwa simu yangu, maana yeye simu alikuwa akiizima ili betri isichoke. Kijana mmoja wa maabara ya huko alinieleza polepole nami nikaandika. Kirusi kilichopatikana kina matumbo ya kile cha zamani na koti la kile kipya. Hiki cha koti jipya huua hata watoto, na chanjo ya zamani haikitambui vizuri. Nikauliza vimekutania wapi. Akasema hawezi kuapa, lakini lazima ni ndani ya sungura mmoja, na sungura huyo lazima awe amefika penye kile cha zamani na penye kipya. Vipande vya ini vya Kalokol vilikuwa na cha zamani. Kile kipya kiliingia Lodwar na sungura walioshushwa kutoka kwenye lori moja la mizigo. Pengine aliyechanjwa, akasema, akaugua kidogo tu asife, akaendelea kuambukiza. Akauliza kama huku kuna sungura anayesafiri.

Nilikumbuka dume lilikuwa limepata mafua, likapewa siku tatu za mapumziko na karoti.

Kisha Mama Nyadeng, ambaye hakujua lolote la koti wala matumbo, alinitumia picha. Alikuwa amepanga sungura waliokufa kabla ya kuwachoma, wake na wa jirani, kwa siku walizokufa. Wakubwa wa kwanza kufa, kila mmoja, sikio la kulia lilikuwa na kijipengo. Na wale watoto waliotangulia kufa walikuwa wa majike hao.

Nilimpelekea Daktari karatasi nyumbani. Aliisoma mara mbili akiwa amesimama. Akaikunja, akaiweka ndani ya daftari, akalifunga kwa mpira, akaniuliza babangu hajambo. Nikamwambia kikao cha Mama Nyadeng ni baada ya wiki tatu. Akasema sayansi haiendi haraka. Nilitoka pale nimekasirika mpaka nikasahau mkoba wangu. Mtu aliyehubiri mabadiliko maisha yake yote alikuwa anashindwa kubadilisha sentensi moja, na mwanamke wa watu anakwenda kupoteza maji na kivuli kwa ajili ya sentensi hiyo.

Nilirudi siku ya nne kuchukua mkoba. Kizimba cha dume kilikuwa wazi. Kikapu, gunia na mwavuli vilikuwa majivu uani, na pikipiki ilikuwa imeoshwa kwa dawa ya kutoa madoa mpaka rangi imebabuka. Nikamwuliza dume liko wapi.

"Limestaafu," alisema, na sauti yake haikuwa ya mzaha. Alikuwa hajanyoa. Njiani kurudi ofisini nilijikuta nalia kwa ajili ya sungura, jambo ambalo babangu asilisikie.

Siku ya kikao nilikuwa naenda Kakuma kwa gari la ofisi kwa shughuli nyingine. Nikamkuta Daktari ameketi kwenye ngazi za ofisi tangu alfajiri, kofia magotini. Aliomba lifti. Njia nzima hakusema neno juu ya virusi, na hapo ndipo nilipojua anaogopa.

Wanachama walikuwa wamekaa chini ya kibanda. Mama Nyadeng alikuwa nje ya kivuli, juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono juu ya magoti. Wakaamkiana, ejok, ejok, na mwenyekiti akaanza kueleza shauri. Daktari akainua mkono, akaomba kutangulia.

Alizungumza kwa Kiswahili kwa muda ambao chai ingechemka mara mbili. Alianza na kirusi ni nini. Akapita kwenye vitabu viwili vya nyimbo, na upepo, na koti. Akaeleza kile cha Kalokol na kile cha Lodwar. Akasema yapo yasiyokuwamo daftarini, na alipolisema hilo alisimama kidogo kama mtu aliyekanyaga mwiba. Akasema watoto wa sungura wa Mama Nyadeng walikufa kwa ugonjwa, na yeye alimwambia ni baridi. Akasema sungura wa dada yake hakuleta kitu, alikufa wa mwisho. Akasema virusi vile vilikutania ndani ya dume, na kutoka kwenye dume vikaingia kwa majike, na dume lilikuwa lake, na mkasi wa masikio ulikuwa wake, na waraka wa marafiki ulikuwa wake. Kofia ilikuwa inazunguka vidoleni mwake.

Nusu ya watu hawakuwa wameelewa, kwa maana Kiswahili chake kilikuwa cha vitabu. Mama Nyadeng akazungumza bila kuinuka.

"Hawa nyuma hawajasikia. Watu ya kutafsiri wasimame."

Wakasimama watatu, kama desturi ya kikao chochote cha Kakuma. Daktari akajiandaa kurudia yote, fungu kwa fungu, akaanza tena na kirusi ni nini. Yule wa Kiarabu cha Juba akamwinulia kiganja kwa adabu, akasema hakuna haja, amepata. Akageukia watu wake, akasema maneno machache. Wa Kisomali akasema machache vilevile. Mama mzee wa Kiturkana akawatafsiria wenzake wa nyuma, nami huyo nilimwelewa. Hotuba yote, vitabu, upepo na koti, aliifanya kitu kimoja:

"Anasema ni yeye."

Daktari aliwatazama wote watatu. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama wametafsiri kila kitu. Nikamwambia, ndiyo, kila kitu, Daktari.

Mwenyekiti aliinamisha kichwa, akakuna kidevu, akasema shauri halipo tena. Mama Nyadeng akasimama, akaigeuza ndoo yake, akaenda kuijaza bombani.